Fundi Vitasa na Kiingereza cha Mkewe

Ukitaka kuchongewa ufunguo na Fundi Vitasa, jiandae kuhojiwa kwanza. Hata kama mmejuana miaka, hata kama nyumba zenu zinatazamana, atauinua ufunguo wako usawa wa macho, ataugeuza huku na huku, halafu atauliza bila kukutazama: mlango huu wa nani, wewe ni nani wake, na mwenyewe anajua? Ukijikanyaga kidogo tu, anakurudishia ufunguo wako na kusema mashine imeharibika. Mashine yake huharibika sana.

Watu husema ana kiburi. Si kiburi, ni woga wa siku nyingi. Alipokuwa kijana, bado anajifunza kazi kwa mjomba wake, alifika pale kibandani bwana mmoja mtanashati, tai shingoni, maneno matamu kama asali, akitaka kuchongewa ufunguo wa nyumba aliyosema ni yake. Kijana akachonga, tena upesi, tena kwa furaha, kwa sababu yule bwana alimwita "mwanangu". Haukupita muda nyumba ile ikasafishwa, halikubaki hata pazia, na mwenye nyumba akawa mtu mwingine kabisa. Polisi wakamweka ndani fundi mdogo wakitaka awataje wenzake. Atawataja akina nani, na yeye mwenzake ni tupa na nyundo tu? Alitoka huko amebadilika. Tangu hapo mtu akimchekea anajiuliza anataka nini, na mtu akimnunia anajiuliza anaficha nini. Sasa niambie wewe, umwendee na uso gani?

Aliyemvumilia ni mkewe. Huyu mama ni mhudumu wa wodi. Yeye ndiye anayebadilisha mashuka, anayepiga deki, anayesukuma viti vya magurudumu, anayemlisha mgonjwa asiyeweza kuinua kijiko. Wodi anaijua kuliko jiko lake, lakini sindano haruhusiwi kuishika, na hilo lilimkera rohoni kwa miaka. Alitaka kuwa muuguzi. Basi mwaka mmoja chuo cha uuguzi kikamwita, kikamsaili, kikamwambia nafasi yako ipo, ila tuletee cheti cha mtihani wa Kiingereza kabla usajili haujafungwa. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine, na wewe unarudi kwenye mashuka mpaka mwaka ujao. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na mumewe aliambiwa yote. Aliambiwa, akaitikia, kisha akaanza kuchunguza.

Kilichomtia shaka kwanza ni sauti. Asubuhi moja anavaa viatu, akasikia kutoka jikoni mwanamume anazungumza taratibu, kwa utulivu, kama mtu aliyeshiba. Akaenda kwa kunyata, kiatu kimoja mguuni. Akamkuta mkewe anakoroga uji, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari.

"Huyo nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa nini asubuhi yote hii?"

"Wa Kiingereza, baba watoto. Si nilikwambia? Anatufundisha sote wa pale wodini. Anaturekodia somo, anatutumia."

"Uliniambia kuna mwalimu," akasema Fundi. "Hukuniambia ana sauti."

Mke akamkata jicho, akaendelea kukoroga.

Huyo mwalimu alikuwa na namna yake. Hakuwakaririsha maneno kama kasuku. Aliwaambia neno la Kiingereza lina ukoo, tena ukoo mwingi umetoka kwa Warumi wa kale na lugha yao ya Kilatini. Ukiujua mzizi mmoja, umewajua na watoto na wajukuu. Halafu aliwasimulia Warumi wenyewe walivyoishi, walivaa nini, walikula nini, maana neno bila habari za wenyewe halikai kichwani. Mama watoto alimeza kila kitu. Na kwa kuwa anamjua mumewe kuwa haambiliki, akaona dawa ni kumshirikisha. Jioni, chakula kikishaondolewa mezani, akampa kazi ya kumwuliza maneno. Alidhani mtu akishiriki jambo ataacha kulishuku. Alikosea, lakini nia yake ilikuwa njema.

Jioni ya kwanza alianza na mifupa, kwa sababu ya uuguzi. Akaushika mfupa wa mtulinga, huu unaopita chini ya shingo kwenda begani, akasema Waingereza wanauita *clavicle*. Akaeleza kwamba ni neno la Kilatini, na maana yake ni ufunguo mdogo.

Fundi Vitasa akaacha kuchokonoa meno. "Ufunguo?"

"Ufunguo mdogo. Kwa umbo lake, au kwa jinsi unavyozunguka ukiinua mkono. Ni mzuri, sivyo? Nimekukumbuka wewe."

"Huyo mwalimu wako," akasema Fundi polepole, "amejuaje kwamba mimi ni mchonga funguo?"

"Hajui. Ni mfupa, baba watoto. Kila mtu anao."

"Kati ya mifupa yote ya mwili wa binadamu, akachagua huo?"

Usiku ule alijipapasa chini ya shingo mara kadhaa. Hakuridhika.

Jioni nyingine likaja neno *candidate*, mtu anayeomba nafasi au anayegombea cheo. Mke akasimulia kwamba Mrumi akitaka kura alikuwa anavaa vazi jeupe pe, lililopakwa chaki ling'ae, anapita mitaani watu wamwone msafi, na neno lenyewe limetoka kwenye huo weupe. Fundi akacheka, na kucheka kwake ni kwa nadra. Akasema hilo anaamini bila kuthibitishiwa, maana anayekuja kuomba kitu huja ametakata. Kisha akakumbuka yule bwana wa tai, kicheko kikamkauka.

Ikaja *companion*. Mwenza. Mke akafurahi mno na neno hili, akalivunja vipande: mtu mnayekula naye mkate. Askari wa zamani, akasema, waliitana hivyo.

"Na wewe," Fundi akauliza, "umeshakula naye mkate?"

"Na nani?"

"Mwenye sauti."

Mke akaweka kiganja kwenye paji la uso. Hakujibu, na Fundi akauhesabu ule ukimya kuwa jibu. Ndivyo alivyo. Hana dogo.

Lakini nisimsingizie: mambo yale yalimkolea. Alikuwa hajasoma sana, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha kusoma maboksi ya vitasa. Sasa akagundua kwamba mzizi mmoja ni kama ule ufunguo malaya, unaoingia mlango wowote kwenye jengo. Chukua *spect*, kutazama. Ukiuchomeka nyuma unapata *inspect*, kukagua, ukiuchomeka mbele unapata *spectator*, mtazamaji, ukiugeuza unapata *respect*, heshima, maana kumheshimu mtu ni kurudi kumtazama mara ya pili. Alijikuta akichonga funguo huku midomo inamcheza. Siku moja alimwuliza mkewe, kama mtu asiyejali, kama kuna jingine la ukoo huo.

"Lipo," mke akasema, na macho yalikuwa yanacheka. "*Suspect*. Kushuku. Mwalimu anasema maana yake ni kutazama kutokea chini. Kama mtu anayechungulia kwenye uwazi wa mlango."

Fundi hakucheka. Akainuka, akaenda kuangalia kama dirisha limefungwa.

Ubaya wa elimu ile ni kwamba ilimwongezea maradhi. Kama maneno yasiyofanana hata kidogo yanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, basi na mambo mengine je? Mkewe amenunua mafuta mapya ya nywele. Mkewe anaweka simu kifudifudi. Mkewe anajifungia chumba cha watoto, ambao wako shule ya bweni, eti anasoma. Mkewe anaimba. Kila kimoja peke yake si kitu, lakini yeye akavipanga vyote kama ukoo, akavitafutia baba.

Pale kibandani jirani yake ni mshona viatu, mtu mwembamba mwenye mdomo mpana, ambaye hujenga na kubomoa nyumba za watu huku ameuma misumari. Fundi alipomgusia, yule bwana alitoa misumari mdomoni kwanza ili aseme vizuri.

"Mwanamke mzima, na watoto wake, leo ndiyo anaanza shule? Kuna mtu anamvisha kilemba cha ukoka. Anaambiwa ana akili."

"Ana akili kweli," Fundi akasema.

"Sasa wewe umeshawahi kumwambia?"

Fundi akageukia mashine yake. Hilo lilimwingia kuliko tupa inavyoingia kwenye shaba.

Hapa nitawaambia asichokijua yeye, maana sipendi hadithi za kufichana. Mwanamume mwingine hakuwepo. Mwalimu yule alikuwa na mke wake na shida zake, na wanafunzi wake wengi hajawahi kuwaona sura. Ila mama watoto alikuwa na siri moja kweli: siku ya mtihani. Aliificha kwa sababu siku aliyokwenda kusailiwa chuoni, Fundi alimsindikiza, akasema atakaa nje kimya. Hakukaa nje. Aliingia mpaka kwa msajili, akamwuliza yeye ni nani pale, na kama mkuu wa chuo anajua kwamba amekaa ofisini humo. Mama wa watu alitamani ardhi ipasuke. Basi safari hii akaomba ruhusa kazini, akaazima kompyuta ya sista wa wodi, akamwambia mumewe ana zamu ya mchana kama kawaida. Mtihani wenyewe unafanywa nyumbani. Unajifungia chumbani peke yako, kamera inakutazama, mtahini anakuhoji kutoka huko aliko. Sharti ni moja na halina mjadala: mtu yeyote akiingia, mtihani umekufa. Na usajili wa chuo ulikuwa unafungwa wiki ileile.

Siku hiyo alikuja kibandani mhudumu mwenzake na mkewe, anataka ufunguo wa pili wa kabati lake. Akahojiwa, akajibu, akapita. Ufunguo ukachongwa. Anaupokea, akasema kwa nia njema tu, "Msalimie mwenzangu. Leo wodi imepooza bila yeye."

"Bila yeye vipi? Si yuko zamu?"

Yule mama akafumba mdomo, lakini neno lilishatoka. Akasema labda amechanganya siku. Akasema anawahi. Akaondoka hata hajaujaribu ufunguo.

Fundi Vitasa alibaki amesimama, mashine inazunguka bure. Mshona viatu akamwuliza kulikoni. Fundi akazima mashine, akashusha mlango wa kibanda, akachukua mkoba wake wa vifaa. Hakujua mkoba ni wa nini. Au alijua.

Njia nzima alikuwa anajitetea mbele ya watu wasiokuwepo. Mimi si mtu wa fujo. Mimi nataka kujua tu. Mtu ana haki ya kujua kinachoendelea nyumbani kwake. Alipofika, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo; akafungua kwa wake, taratibu, bila mlio, maana hiyo ndiyo kazi yake. Viatu vya mkewe vilikuwa pale mlangoni. Vile vizuri.

Kisha akaisikia sauti. Mwanamume, ndani ya chumba cha watoto, anazungumza Kiingereza taratibu kwa sauti nzito. Si sauti ya simu. Hii ilikuwa kubwa na karibu. Halafu sauti ya mkewe, juu kidogo kuliko kawaida, inajibu kwa Kiingereza. Halafu mkewe akacheka, kicheko kifupi cha adabu, ambacho Fundi hakuwahi kukisikia tangu wachumbiane.

Akasogea. Akaweka sikio kwenye mlango. Hakuelewa mengi, lakini neno moja lilimfikia zima zima, kwa sababu lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo aliyomwuliza mkewe mezani: *my husband*. Mume wangu. Likaja tena. Na yule mwanamume akaitikia "mm", kama anayefurahishwa. Basi wanamsema. Wamejifungia katika nyumba yake, kwenye chumba cha watoto wake, wanamsema na kumcheka.

Angeweza kugonga. Mtu mwingine angegonga. Lakini yeye aliwaza kwamba ukigonga unampa mtu nafasi ya kutorokea dirishani, akasahau kwamba dirisha lile alilitia nondo yeye mwenyewe na hata paka hapiti. Kitasa kile pia alikifunga yeye. Akapiga magoti. Akapitisha gazeti chini ya mlango, akaingiza waya kwenye tundu, akausukuma ufunguo uliokuwa upande wa ndani mpaka ukadondokea kwenye gazeti bila kishindo. Miaka yote hiyo hakuwahi kufungua mlango wa mtu bila mwenyewe kujua. Akachomeka waya wa pili, akausikiliza, akauzungusha. Hakuna kitasa kilichowahi kumshinda, na hiki hakikumshinda.

Mlango ukafunguka.

Mkewe alikuwa ameketi wima kwenye meza ya watoto, mgongo kwa mlango, amevaa blauzi yake ya harusini, nywele zimetiwa yale mafuta. Mbele yake kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani na vidude vya kusikilizia masikioni, na nyuma ya mzee ukuta mtupu. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Mzee aliacha kuzungumza katikati ya neno. Macho yake yakapanda kutoka usoni kwa mwanamke, yakapita juu ya bega lake, yakatua kwa mwanamume aliyepiga magoti mlangoni na waya mkononi.

Akasema jambo kwa upole, kama daktari. Kioo kikawa cheupe, kikatokea maandishi. Mama watoto akayasoma yote, hadi chini. Hakugeuka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza na kuviangalia.

"Nani yule?" Fundi akauliza, maana ulimi ulikuwa bado haujajua kwamba mambo yameharibika.

"Mtahini."

"Mtahini wa nini?"

"Wa chuo, baba watoto. Wa cheti. Ndiyo mtihani wenyewe huo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekuja kukaa mlangoni."

Fundi akainuka, magoti yakamlia. Akasema basi wampigie simu yule mzee, yeye mwenyewe atazungumza naye, atamweleza kwamba hakuwa mwizi wala mgeni, ni mume mtu, mwenye nyumba. Mkewe akamwambia kwamba hawaulizi ni nani. Akiingia mtu wamekata, na wakishakata hawafungui tena mpaka uanze upya, na kuanza upya kuna foleni, na usajili unafungwa wiki hii. Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti, kama anavyomweleza ndugu wa mgonjwa.

"Nilisikia mnanisema," Fundi akasema. Ilikuwa ndiyo silaha pekee iliyobaki.

"Ndiyo. Aliniambia nimweleze mtu ninayemjua vizuri, na kazi anayofanya. Nikachagua wewe, kwa sababu maneno yako ninayo mengi. Nilimwambia habari za ufunguo mdogo, akafurahi." Akafunika kompyuta ya watu, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Nilikuwa nimefika pale pa kusema kwamba mtaa mzima wanakuamini na milango yao."

Fundi alisikia aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitaka kusema samahani, ikatoka kikohozi.

Kesho yake alifunga kibanda akaenda chuoni. Msajili alimkumbuka vizuri sana. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole, akamwonyesha mlango. Wiki ikaisha, usajili ukafungwa, mama watoto akarudi kwenye mashuka na deki. Wenzake wodini walimuuliza ilikuwaje. Aliwaambia mtandao ulikatika. Fundi alipopata habari kwamba mkewe amemfichia aibu, ilimuuma kuliko kama angemtangaza sokoni.

Alingoja kugombezwa. Alitamani hata kugombezwa. Mwanamke hakununa, hakulia mbele yake, uji aliukoroga kama kawaida. Ila mwalimu sasa alisikilizwa kwa vidude vya masikioni, na jioni meza ikishafutwa, mke alichukua kiti chake akaingia chumba cha watoto. Siku moja Fundi alijikaza kisabuni akasema, "Nikuulize maneno?" Mkewe akajibu kwa adabu, "Hapana, nashukuru." Ile adabu ndiyo iliyomtesa. Ni ile anayowapa watu wa nje. Kibandani, mshona viatu alipoanza tena habari za wanawake wanaosoma ukubwani, Fundi alimwambia aendelee kuuma misumari yake.

Mwaka ukasogea. Siku moja mchana, pale kibandani pana mteja anangoja, Fundi akainua macho akamkuta mkewe amesimama nyuma ya mteja, kwenye foleni, na sare yake ya kazi. Hakuita, hakusogea mbele. Zamu yake ilipofika akaweka mikono juu ya meza.

"Nataka komeo," akasema. "La ndani. La chumba cha watoto."

"Nitakuletea jioni."

"Nimepata siku nyingine ya mtihani. Nataka komeo ambalo wewe, ukiwa nje, huwezi kulifungua."

Nyundo ya mshona viatu ikasimama hewani. Fundi akaanza kusema kwamba hakuna kitu kama hicho, kwamba kila kilichofungwa na mtu kinafunguliwa na mtu. Mkewe akamkatiza.

"Lipo. Wewe ndiye fundi, unajua ni lipi."

Alijua. Jioni alilileta, na kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, akakitoa kitasa cha zamani chote, akaziba tundu la ufunguo kwa ubao na gundi, akalipiga msasa mpaka hukuweza kuona lilipokuwa. Akafunga bawaba upya, pini zake zikakaa ndani. Uwazi wa chini ya mlango akauziba kwa ubao mwembamba, karatasi isipite. Kisha akafunga komeo lenyewe, chuma kinene cha kuteleza, skrubu ndefu, kitako chake kimezamishwa kwenye fremu. Kwa kazi ile hata wenye benki wangemshukuru. Mkewe alisimama muda wote amekunja mikono, anatazama, kama mteja asiyemwamini fundi. Na alikuwa na haki.

Alipomaliza, mkewe akaingia chumbani.

"Toka nje," akamwambia.

Akatoka. Chuma kikateleza, kikagota.

"Jaribu."

Fundi akausukuma mlango kwa kiganja, kisha kwa bega. "Umeshika," akasema.

"Hapana. Jaribu kama siku ile."

Fundi angeweza kugusagusa na kusema ameshindwa, lakini mwanamke huyu ameishi na vifaa vyake miaka mingi, anaijua milio yake yote, angejua anadanganywa. Akaleta mkoba. Akapiga magoti palepale alipopiga siku ile. Akajaribu waya, akakosa pa kuuingizia. Akajaribu bamba jembamba ubavuni mwa fremu, likagonga chuma na kurudi. Akajaribu bawaba. Akajaribu chini. Alijaribu kweli, kwa akili yote aliyopewa na mjomba wake, mpaka shati likamganda mgongoni.

"Nimeshindwa," akasema.

Akasikia ndani kiti kinavutwa, na sauti ya mkewe ikaanza, chini chini, kwa Kiingereza, inasema na kurudia, inasimama na kuanza tena. Fundi akangoja komeo livutwe. Halikuvutwa.

"Mama watoto. Nimesema nimeshindwa. Fungua basi."

"Nimekusikia. Nasoma. Nitafungua nikimaliza."

"Utamaliza saa ngapi?"

Sauti ya ndani ikaendelea na maneno yake. Fundi akabaki amesimama, uso karibu na ubao, hana tundu la kuchungulia, hana uwazi wa kupitisha jicho, na aliyeziba vyote ni yeye. Baada ya kitambo sauti ikanyamaza.

"Bado upo hapo?"

"Bado."

"Nenda kibandani, baba watoto. Watu wanakungoja."

Akakusanya waya zake moja moja, akazitia mkobani, akavaa viatu. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaurudishia, akashika njia. Mpaka anafika kibandani hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilikuwa inamwasha.